Mama Yangu Atasafiri na Picha ya Muuza Magodoro

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujacheka, kwa sababu mke wangu alicheka katikati na hakusikia ile sehemu inayoniuma.

Mimi ni fundi wa vioo, mwanamume wa miaka arobaini na sita, nina mke na watoto watatu, naweka madirisha, milango ya kabati, vioo vya kujitazamia, vyote hivyo, na kazi hii nimeirithi kwa marehemu baba, na mikono yangu ina makovu tangu kwenye kucha mpaka kwenye viwiko. Sina ugomvi na mtu. Tatizo langu ni moja, siwezi kupigwa picha. Sisemi sipendi, nasema siwezi. Nikiwa na watu nacheka, natania, wenyewe huniita mcheshi, lakini kamera ikinielekea tu shingo inaingia ndani, macho yanatoka nje, na mikono, mshauri, mikono ndiyo balaa lenyewe, inanyanyuka yenyewe mbele ya kifua, imeachana kama hatua moja, vidole vimekunjwa, kama mtu aliyebeba kioo kikubwa, isipokuwa kioo hakipo. Katika picha za harusi yangu mwenyewe nimebeba hewa. Bibi harusi amesimama kando, ameniachia nafasi, utadhani anaogopa kukatwa.

Ningeishi hivyo hivyo, maana sura mbaya ya kwenye picha haijaua mtu, lakini sasa mama anaondoka. Mama yangu ana miaka sabini na nane, anaishi nasi, chumba chake ni kile cha nyuma, na dada yangu mkubwa ambaye ni muuguzi nchi ya mbali amemwita akakae naye, ndege ni Jumamosi ya tatu kuanzia leo, macho ya mama yana mtoto wa jicho na daktari wa huko ameshapanga siku ya kumpasua, miguu nayo ndiyo hiyo ya kushikiliwa. Hakuna anayelisema nyumbani, ila sote tunajua kwamba kwa umri ule safari hii haina kurudi. Na mama hakuomba kitu ila kimoja, abebe picha moja akiwa na wanawe watatu wa huku, yaani kaka yangu dereva wa lori, mdogo wetu wa kike ambaye ni mpishi wa shule, na mimi, na akasema, "Lakini kila mtu awe na sura yake."

Alisema hivyo kwa sababu ya baba. Mshauri, baba alikuwa mtu wa kucheka, akicheka yeye jirani wa upande wa pili wa ukuta naye anacheka bila kujua kwa nini, lakini picha yake iliyobaki ni ile ya kitambulisho cha kazi, mama aliipeleka ikakuzwa, na humo baba amekodoa macho kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi. Watoto wangu hawakumkuta hai. Binti yangu wa mwisho siku moja akaitazama pale ukutani akaniuliza, "Babu alifungwa miaka mingapi?" Mama alisikia. Kesho yake akaniita chumbani akaniambia, "Baba yenu nimemkosa mara mbili, kaburini na ukutani. Na wewe ndiye uliyerithi sura yake ya picha. Sitaki kukukosa na wewe."

Basi nikatengeneza fremu. Mbao nilichagua mwenyewe, kioo nikakikata kwa kalamu ya almasi ya baba, nikaisugua mpaka ikawa laini, nikampa mama, akaiweka juu ya kabati lake, tupu, na kila asubuhi anaifuta vumbi. Kila asubuhi namwona anafuta.

Tulikwenda kwa mpiga picha wa mtaani kwetu, watu humwita Bwana Kawaida kwa sababu hana neno jingine. Akatupanga, mama kwenye kiti, sisi nyuma, akaja kwangu.

"Fundi, kaa kawaida."

"Ndiyo hivi."

"Hapana, kawaida yako ya kila siku."

"Ndiyo hii ya kila siku."

"Fundi, unanitisha."

Mshauri, mimi nimekaa kawaida miaka arobaini na sita bila kufikiri, lakini mtu akikuagiza ukae kawaida ndipo unapogundua kwamba hujawahi kuangalia huwa unakaaje. Mguu gani huwa mbele? Ulimi huwa unauweka wapi? Picha ikatoka. Mama akaisogeza karibu kabisa na pua, maana vitu anaviona kwa ukungu, umbo bila sura, akauliza, "Huyu mwanangu amebeba nini?" Kaka akasema, "Hajabeba kitu, mama." Mama akasema, "Basi mwambieni atue."

Mara ya pili kaka akanishauri nitie mikono mfukoni, nikatia, mabega yakapanda mpaka masikioni, na mama akauliza nimeiba nini. Mara ya tatu nikatumia akili ya ufundi, nikajiambia kwamba shida yangu ni kutojiona, kwa hiyo nikabeba kioo cha kujitazamia cha ukubwa wa mlango nikakisimamisha nyuma ya Bwana Kawaida, niisimamie sura yangu mwenyewe wakati inapigwa. Sikufikiria kwamba na wengine wana macho. Mdogo wetu akaanza kunyoosha kilemba, kaka akavuta tumbo ndani akalisahau humo, na mama akaona kivuli cha mtu mzima kwa mbali akakipungia mkono, akakisalimia na kukiuliza hali ya nyumbani kwake. Katika picha ile sote tunatazama juu ya kamera, tumeshtuka, kama watu walioona ukuta unaanguka.

Ndipo mke wangu akasema dawa ni kupigwa nikiwa sijui. Nikakubali, na hapo ndipo nilipojimaliza. Mke wangu akianza jambo hafanyi nusu, akawa ananivizia kwa simu, nyuma ya pazia, chini ya meza, siku moja nafungua kabati la vyombo namkuta amejikunja humo, "Baba watoto!" pwaa. Kwa kuwa sikujua picha itatoka wapi, nikaanza kujiweka tayari saa zote. Nikapiga mswaki nimeinua kidevu. Nikala huku nimegeuza uso upande wangu mzuri, kijiko kikanipita mdomo. Mke wangu anasema hata nikilala natabasamu, na kwamba anaogopa. Kazini nako, juzi nilikuwa nabandika kioo bafuni kwa mama mmoja mwalimu mstaafu, kioo kikakaa vizuri ukutani, nikajiona, nikaanza mazoezi ya tabasamu, la midomo mifupi, la meno ya juu, la jicho kidogo, sikujua kwamba amesimama mlangoni na chai yangu. Akaniuliza, "Fundi, umekuja kuweka kioo au kuposa?" Chai akarudi nayo.

Sasa nafika kwenye dhambi yenyewe, mshauri, na hapa naomba usinihukumu haraka. Ng'ambo ya barabara kuna muuza magodoro. Tunafanana, hilo mtaa mzima unalijua, watu hunisimamisha kuniuliza habari za magodoro ya sita kwa sita. Na kama kuna binadamu anayejua kukaa kawaida mbele ya kamera ni yeye, picha yake imebandikwa juu ya duka lake, amejilaza juu ya godoro, shavu kiganjani, mpaka ukipita pale unapiga miayo. Kaka akasema, "Mama haoni vizuri. Mvalishe shati lako." Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikakumbuka ile fremu tupu, nikampelekea shati.

Jumatano tukaenda tena kwa Bwana Kawaida. Nikamkalisha mama, nikamwambia, "Niko nyuma yako, mama," kisha nikanyata nikaingia nyuma ya pazia, muuza magodoro akaingia mahali pangu. Bwana Kawaida akafurahi mpaka akasahau kusema kawaida. Na kabla hajapiga, mama akarudisha mkono nyuma, juu ya bega lake, akaushika mkono wa yule bwana akaupapasa, akasema, "Leo mikono yako laini, mwanangu. Umepumzika?"

Muuza magodoro akaganda, maana habari ya kuongea hatukuwa tumepatana. Mdogo wetu akaanza kukohoa. Ikabidi nijibu mimi, kutoka nyuma ya pazia, "Ndiyo, mama." Mama akageuza kichwa kidogo kuelekea kwenye sauti. Akasema, "Haya." Picha ikapigwa. Njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Picha imetoka nzuri sana, mshauri. Mama ametulia, kaka ana sura yake, mdogo wetu ana sura yake, na mimi nina sura ya mtu mwingine. Iko kwenye bahasha, nimeificha kwenye sanduku la vifaa. Kaka anasema nimpe, mdogo wetu analia kila akiwaza, mke wangu anasema muuza magodoro ametoka vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nimpe mama asafiri nayo, akiwa na amani, au nimwache aende na fremu tupu? Na kosa langu lina uzito gani, maana mimi sikusema uongo mwingi, nilisema "Ndiyo, mama" tu, uongo mwingine wote ulisemwa na shati?

Nimekuambatishia picha kumi na moja, nimeziandika namba nyuma ili uone mwenyewe kwamba sitii chumvi. Ya kwanza ni ya harusi. Ya kumi ndiyo hiyo ya muuza magodoro. Ya kumi na moja usihangaike nayo, imechanganyika kwa bahati mbaya, ni dirisha la chumba cha mama nililobadilisha mwezi uliopita, mke wangu alilipiga kutoka nje ili dada aione kazi. Kioo kimekaa sawa, hakina kiputo wala mkwaruzo, nimekikagua sana, lakini hakihusiani na habari hii.

Ni mimi,
Fundi Mbeba Hewa

*

Marahaba, fundi. Nimesoma mpaka mwisho kabla ya kucheka, kama ulivyoomba. Kisha nikacheka, kisha nikakasirika, na jibu hili naliandika hasira ikiwa bado ya moto, kwa hiyo tafuta kiti.

Hapana. Usimpe. Wewe na kaka yako mmekaa watu wazima wawili mkapanga kwamba mama haoni, na katika barua hiyo hiyo umeniandikia kwa mkono wako kwamba anakokwenda anakwenda kupasuliwa macho! Sasa fikiri, kama mtaa wenu bado unaruhusu jambo hilo. Atafunguliwa bandeji. Ukungu wa miaka yote umeondoka. Ataomba aletewe picha ya wanawe, na mtu wa kwanza atakayemwona sawasawa katika dunia yake mpya ni muuza magodoro amevaa shati lako. Dada yako muuguzi atamwelezaje? Au na yeye mlipanga kumtafutia pazia?

Lakini hata hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba unadhani mama yako hajui. Mama aliyekuzaa alirudisha mkono nyuma akaukuta mkono usio na kovu hata moja, akauliza kwa upole, akajibiwa na pazia. Akasema "Haya." Fundi, mama akisema "haya" halafu akanyamaza njia nzima, hajadanganyika. Amekusitiri. Ameona mtoto wake amejificha, akaamua kutomvua nguo mbele ya watu. Ndiyo maana huwezi kulala bila tabasamu la woga, usimsingizie mke wako na simu yake.

Nakuhurumia, sikatai. Wengi huniandikia kuhusu picha kwa sababu ya kujipenda, wanataka pua ipungue, kiuno kiingie. Wewe hutaki uzuri. Unaogopa kwamba watoto wako watakutazama ukutani siku moja na kuuliza ulifungwa miaka mingapi, na woga huo ni wa mtu anayependa watu wake. Hofu yako ina heshima. Ulichokifanya nayo ndicho kisicho na heshima.

Sasa tuje kwenye picha zako. Nilizipanga zote mezani. Kuanzia ya kwanza mpaka ya tisa sina la kukutetea, ulivyojieleza ndivyo ulivyo, na ile ya kabati la vyombo nimeigeuza kifudifudi kwa sababu ilikuwa inanitazama. Ya kumi nimeona, na mke wako hakukosea, jirani yako ametoka vizuri. Halafu, kwa kuwa mimi ni mbishi na nimeambiwa nisihangaike nayo, nikachukua ya kumi na moja.

Fundi, wewe umeikagua mara ngapi? Umetafuta kiputo, umetafuta mkwaruzo, umepima pembe. Hiyo ndiyo shida ya kazi yako, unaangalia kioo na hujawahi kuangalia kilicho ng'ambo yake. Mimi nilivaa miwani nikaangalia ng'ambo. Ndani ya chumba, nyuma ya kioo hicho kisicho na kiputo, kuna mwanamume amekishikilia kwa mikono miwili mpaka puti ya kukigandisha ishike. Ana puti sikioni. Ubavuni kwake amesimama mama mzee, ameshika ncha ya kanga yake na anamfuta hilo sikio, na yule mwanamume amefumba macho anacheka kwa mdomo wote, meno ya juu na ya chini, bila kuchagua tabasamu namba ngapi. Shingo ipo mahali pake. Mabega yapo chini. Nilimwita mwenzangu wa meza ya pili aje aone, na yeye akaanza kucheka, nikamwuliza unacheka nini, akasema hajui.

Huyo ni wewe. Na huyo, nikisikiliza ulivyonisimulia, ni baba yako pia.

Kwa hiyo acha kujiuliza ulimi hukaa wapi. Mikono yako haina ugonjwa. Mikono yako ni ya kazi, imezoea kubeba kitu kinachovunjika, na kila mkiitwa kupiga picha mnainyang'anya kioo halafu mnaishangaa inapokitafuta. Binadamu asiye na cha kushika anashika woga. Na nitakuambia jambo jingine: ile picha ya kitambulisho cha baba yako, kama za vitambulisho vyote, imekatwa kifuani. Mimi sikuwapo, lakini niko tayari kuapa kwamba chini ya ule ukingo mikono ya yule mzee ilikuwa imenyanyuka, imeachana hatua moja, imebeba hewa. Mwambie binti yako hivyo. Mwambie babu hakufungwa, babu alikuwa fundi aliyeambiwa aache kioo chake nje.

Sasa fanya hivi, na usinibishie.

Leo, kabla hamjala, ingia chumba cha nyuma, kaa chini karibu na miguu ya mama yako, umwambie yote: shati, pazia, muuza magodoro. Usimpeleke kaka yako akakusemee. Mama atacheka au atalia, na vyote viwili vitakufaa. Ile picha ya kumi mrudishie jirani yako na shukrani, maana alikusaidia kwa nia njema, aikate upande wake aongeze kwenye duka. Na umwambie mke wako atoke kabatini. Nampenda mwanamke yule bila kumjua, lakini simu aipumzishe.

Kisha mwite Bwana Kawaida aje nyumbani kwenu, asubuhi kweupe, asije na taa yake ya kumulika. Mwambie siku hiyo lile neno lake moja alifungie studio. Mama akae kwenye kiti chake mbele ya lile dirisha. Kaka yako mwambie ashike kiti kisitikisike, mdogo wako amfunge mama kilemba, polepole, asimalize haraka. Na wewe, chukua ile fremu tupu juu ya kabati, na kioo chake ndani, usimame nyuma ya mama, uishike kwa mikono miwili juu tu ya bega lake. Ishike kama unavyoshika kazi. Kama kioo kitang'aa, kiache king'ae. Na mama akisema "angalia usije ukaivunja," kama nijuavyo mama wa mafundi, mjibu tu unavyomjibu siku zote, na hapo ndipo mpiga picha apige.

Picha hiyo ndiyo itakayoingia kwenye fremu uliyoishika, na ile ya dirisha mtilie mama kwenye mkoba wa mkononi, aitazame ndani ya ndege. Nakurudishia zote kumi na moja kwa posta, isipokuwa hiyo ya dirisha nimeifunga peke yake kwenye karatasi ngumu, isikunjike.

Wala usihofu kama ukiganda tena kidogo kabla ya kamera kulia. Safari hii baki pale pale nyuma yake. Mama yako atarudisha mkono juu ya bega kutafuta mkono wako, kama alivyofanya Jumatano, na fundi wangu, safari hii akute makovu.